Mtani Aliyelala Kaburini

Kila Ijumaa Remijia Kihwele alifika mapema kwa aliyekuwa mumewe, akasimama nje ya ua, akatega sikio. Hakuwa na haja ya kusikia maneno. Alitaka kusikia kicheko cha binti yake, akishakisikia aumie, kisha ndipo abishe hodi. Wivu ni kidonda, hilo limeshasemwa sana, ila hawakutuambia kwamba kuna watu hukitonesha wenyewe kwa ratiba.

Binti yake, Tina, alikuwa na miaka minane. Zamani alicheka kwa kuziba mdomo na kiganja. Sasa alicheka kichwa amekirudisha nyuma, na mwishoni pumzi ikamkwama, akaivuta kwa kwikwi, halafu akaanza upya. Kicheko hicho hakikuwa cha baba yake, Vitalis, ambaye hucheka puani. Kwa Remijia hakikuwezekana kutoka, maana cheti chake cha hulka kilisema wazi: uchangamfu, chini. Basi kilitoka kwa yule mwanamke. Mtoto huokota anachokiona mbele yake, na aliyekuwa mbele yake siku hizi ni Kandida Ngonyani, Mngoni wa Peramiho, mchumba wa Vitalis.

Alipobisha, ni Kandida aliyefungua geti, kitenge amekifunga kiunoni, mikono ina unga.

"Mhehe amekuja! Tina, funga mbwa haraka, mama yako ana njaa!"

Desturi inajulikana. Wahehe na Wangoni walipigana enzi za mababu wa mababu, na walipochoka kuuana wakaanza kutaniana. Mngoni atamwita Mhehe mla mbwa, Mhehe atamwita Mngoni mla panya, na mtani hanuniwi.

Remijia alinuna.

"Nzuri," alijibu, ingawa hakuna aliyemuuliza habari. "Tina, chukua begi lako."

Vitalis alitoka nyuma ya Kandida akijifuta mikono. Alikuwa mtu mrefu, mpole, asiyejua pa kuuweka uso wake wanawake hawa wawili wanapokutana.

"Cheti cha Kandida kinasomwa wiki ijayo," alisema. "Kikitoka salama, tunafunga ndoa baada ya Pasaka. Nilitaka usikie kwangu."

"Nimesikia."

"Na kisipotoka salama," Kandida alidakia akicheka macho tu, "mtanikuta nimelala huku nje ya geti, mnipitishie ugali chini."

Ulikuwa mzaha, lakini wote walijua sheria. Mtu mzima haruhusiwi kulala nyumba yenye mtoto kama upole wake uko chini ya kizingiti. Hakuna cheti, hakuna ndoa. Ndiyo maana kila jioni Kandida alifungasha kapu lake akarudi kwao Mtwivila, na Remijia, popote alipokuwa saa hizo, alipata nafuu kidogo.

*

Nyuma ya sikio la kila mtu mzima ilikuwapo punje, ndogo kama mbegu ya ulezi. Mwaka mzima punje ilisikiliza sauti ya mwenyewe, sauti za wanaomjibu na mapigo ya moyo wake, kisha mashine ikamfanya kuwa nambari tano: uwazi wa akili, uangalifu, uchangamfu, upole na wasiwasi. Kwa nambari hizo mtu alipewa kazi, mkopo, mume na majirani. Kwa nambari hizo pia alinyang'anywa. Baraza la ndoa lilipolinganisha za Remijia na za Vitalis, lilisema hawa wawili hawaendani, na Remijia hakubisha. Angebishaje, naye ndiye msomaji wa hulka? Alisema tu, "Mimi ndivyo nilivyo." Alilisema kwa uchungu, lakini ndani ya uchungu huo mlikuwa na nafuu fulani, kama ya mwanafunzi aliyeandikiwa na daktari kwamba asikimbie mchakamchaka.

Jumatatu ile alikaa mezani pake katika Nyumba ya Hulka, juu ya kilima cha Gangilonga, akavaa visikilizio. Kazi ya msomaji ni kusikiliza yale ambayo mashine imeyatilia alama nyekundu, kisha kuthibitisha au kueleza. Jalada huja halina jina. Sauti ya mwenye punje hupotoshwa mpaka inafanana na bati, na majina yote hufunikwa na filimbi. Sauti za wengine huachwa zilivyo, kwa sababu mashine inataka kujua watu wanamjibuje.

Sauti ya kwanza ilikuwa ya vilio vya wanawake, na majembe.

"Nimechoka kusubiri!" ile sauti ya bati ilisema. "Marehemu ananipisha au hanipishi? Sogeeni, nilale mimi!"

Udongo ukaporomoka. Watu wakapiga kelele.

"Sitoki! Huku kuna baridi nzuri, godoro la udongo, na hakuna Mhehe wa kuniomba chumvi. Sitoki mpaka nipewe jogoo!"

Pembeni mashine iliandika: *Dhihaka kwa wafiwa. Kuzuia mazishi. Mapigo ya moyo ya mwenye punje: tulivu. Upole: chini ya kizingiti.*

Remijia alikaza visikilizio masikioni. Alijua kinachofuata kabla hakijafuata. Kikohozi kitafuata, kikavu, mara mbili, cha mzee aliyevuta tumbaku maisha yake yote. Na kweli kilifuata.

"We *filimbi*! Njoo hapa! Hii ni chai, au maji ya kuoshea miguu?"

Lilikuwa neno la baba yake. Miaka yote aliyoishi pale Ifunda, mzee Kihwele hakuwahi kunywa chai ya bintiye bila kuuliza swali hilo. Siku ya kumzika, miezi michache nyuma, mtani alitoka kaburini akavaa koti la marehemu na kofia yake, akachechemea mbele ya jeneza kama yeye, akakohoa kama yeye, akamwita Remijia kwa jina akamuulizia chai. Mtani huyo alikuwa Kandida Ngonyani, wakati huo mgeni tu, aliyeletwa na jirani, akafundishwa naye mwendo na maneno ya marehemu, kwa kuwa msiba wa Wahehe bila Mngoni hauzikiki.

Kisha kilisikika kicheko.

*Mcheko. Mtu asiyejulikana. Karibu na kaburi.*

Kilianza kama mtu aliyepaliwa, kikapasuka, pumzi ikakwama, ikavutwa kwa kwikwi, kikaanza upya. Tina, Remijia alidhani. Lakini hapana, sauti ilikuwa nzito, ya mtu mzima. Alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akarudisha tena. Mara ya nne alivua visikilizio akaviweka mezani polepole, maana mwanamke aliyekuwa akicheka vile, kwa sauti ya kutisha ndege, alikuwa yeye.

Kicheko hicho hakikuwepo katika jalada lake mwenyewe. Wafiwa huvuliwa punje mpaka matanga yaanuliwe, kwa kuwa huzuni huharibu vipimo. Waliotunga sheria walimkumbuka mfiwa. Mtani walimsahau.

Alivaa tena visikilizio amalizie. Hapakubaki kitu kikubwa. Palikuwa na vishindo vya masufuria, jikoni, na ile sauti ya bati ikisema chini chini, bila mzaha wowote: "Yule binti amekula? Tangu asubuhi sijamwona akitia kitu mdomoni. Mpelekeeni, lakini msimwambie ni mimi, atakataa." Kilikuwa kipande kifupi mno, mashine haikukihesabu.

Remijia alikumbuka ile sahani. Ugali na maharage. Alikula yote.

Ingekuwa rahisi kama Kandida angekuwa mbaya. Remijia alitaka sana awe mbaya, akakaa pale akimtafutia ubaya kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha mwenyewe. Akaupata mmoja. Siku ile ile, ng'ambo ya kaburi, alisimama Vitalis, aliyekuja kama mkwe ingawa walikwisha kutengana, na Remijia alikuwa bado na tumaini lake dogo. Alimwona Vitalis akimtazama Kandida anavyovutwa kutoka shimoni, udongo mwekundu kwenye nywele. Alimtazama kama mtu aliyesikia njaa ghafla. Mwanamke yule alimpa Remijia kicheko kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akambeba mume.

Na sasa huyo hapo, katika masikio yake, chini ya kizingiti.

*

Sheria ya wasomaji ni fupi: ukimtambua mwenye jalada, jitoe. Jalada litakwenda kituo kingine kwa msomaji wa pili. Ni sheria safi, na usafi wake ndio uliomtia Remijia kishawishi. Aliwajua wasomaji wa huko. Walikuwa vijana wazuri, waliozaliwa ghorofani, wanaoaga wafu wao kwa skrini. Utani wa makaburini ulikwisha kufifia mijini, na mashine nayo ilifundishwa kwa sauti za mijini. Wangesikia kile kile mashine ilichosikia, wangethibitisha, na Kandida angelala nje ya geti kweli.

Hakuhitaji kusema hata uongo mmoja. Alihitaji kufuata sheria tu, na sheria ingemfanyia kazi yake mikono yake ikiwa mitupu.

Alikwenda ofisini kwa mkuu wa kituo, Bwana Tarimo, mtu mwembamba mwenye miwani na meza isiyo na karatasi.

"Mkuu, lile jalada la msibani. Nimemtambua mwenyewe. Najitoa."

"Vizuri sana." Tarimo alinyoosha kidole kwenye kioo cha meza ili alihamishe. "Nililisikia kidogo. Mtu wa kulala kaburini! Huyo hata kifaranga simpi alee."

Remijia alikuwa ameshafika mlangoni. Mkono ulikuwa kwenye kitasa. Hatua moja tu na jambo limekwisha, na Ijumaa zote zijazo angekuta geti linafunguliwa na Vitalis peke yake.

"Ni utani, mkuu," alisema, bado ameukabili mlango.

"Naam?"

"Yule ni Mngoni, waliofiwa ni Wahehe. Ilimpasa alale. Asingelala, tungesema ametudharau."

Tarimo aliondoa kidole kwenye kioo. "Utani naujua. Watu huitana majina. Lakini keti, Bi. Kihwele, tuzungumze kisomi. Hulka ni kama chumvi. Itie kwenye mchuzi, itie kwenye uji, ni chumvi tu. Mpole ni mpole sokoni, ni mpole msibani. Kama mahali panambadilisha mtu, sisi hapa tunapima nini?"

Hoja hiyo Remijia aliijua kwa moyo. Chuoni walisomeshwa ugomvi wa zamani wa wanazuoni. Wa kwanza walisema mtu huzaliwa na hulka zake, huenda nazo kila mahali. Wa pili walisema hapana, mtu hujifunza kwa kutazama wenzake, hutenda kulingana na mahali alipo na kile anachoamini anakiweza, na kwa kutenda kwake hupabadilisha mahali penyewe, napo pakambadilisha tena. Wa kwanza walishinda serikalini. Nambari zao hazibadiliki, na zilipigika muhuri.

"Mkuu, wewe unaimba kwaya," Remijia alisema. "Nimekuona Jumapili, unaimba besi mpaka unayumba. Hapa ofisini hatujakusikia hata ukipiga mluzi. Tukuandike nini, mchangamfu au mkavu?"

Tarimo alivua miwani, akaifuta, ingawa haikuwa chafu.

"Kanisani ni kanisani," alisema.

"Na kaburini ni kaburini."

Chini kwenye bonde kengele ya shule ililia.

"Unajua unachokiomba," Tarimo alisema hatimaye, sasa kwa sauti ya mtu na si ya ofisi. "Maelezo ya namna hiyo hupokelewa kwa mfiwa mwenyewe, kwa jina lake. Mfiwa gani atakuja kusema kwamba alitukanwa kwenye msiba wake na akafurahi?"

"Yule aliyecheka ni mimi. Aliyekuwa kwenye jeneza ni baba yangu."

Mkuu alivaa tena miwani yake. Yeye ndiye aliyetia sahihi nambari za Remijia kwa baraza la ndoa.

"Basi nisikilize. Ukitoa ushahidi, husomi tena humu, maana umemtambua mtu na hukuondoka. Na kicheko hicho kitaingizwa kwenye jalada lako. Uchangamfu wako utafunguliwa upya. Watakuuliza, kama uliweza siku ya mazishi, kwa nini hukuweza nyumbani. Umejiandaa kujibu hilo?"

Hakuwa amejiandaa. Hilo hasa ndilo lililomtisha. Miaka mitatu alijifunika kwa ile nambari kama blanketi: hakumchekea mumewe kwa sababu hakuumbwa hivyo, hakucheza na mtoto wake sakafuni kwa sababu hakuumbwa hivyo. Kama nambari ya Kandida ilikuwa ya uongo, ya kwake ilikuwa nini? Huenda alikuwa na uwezo wakati wote. Huenda alikata tu tamaa mapema, akapata cheti cha kukata tamaa.

Na akimsafisha yule mwanamke, anampa nyumba. Anampa jiko, kitanda, na Tina siku tatu kila wiki. Wivu ulimpanda, mchungu, wa kweli, akautambua kwa jina lake na hakuona aibu.

Hakusema kwa ajili ya Kandida. Alisema kwa sababu kile kicheko kilikuwa chake, na hapakuwa na mahali pengine duniani kilipohifadhiwa isipokuwa katika jalada la mwanamke yule. Akiliacha lizikwe, nacho kinazikwa nalo.

"Andika," alisema, akavuta kiti. "Mimi, Remijia Kihwele, mfiwa."

*

Ijumaa baada ya cheti kutoka, Remijia hakusimama nje ya ua. Alibisha mara moja.

Kandida alifungua, mikono ina unga kama kawaida. Alikuwa amesoma ushahidi, maana hupelekwa kwa mwenye jalada. Hakusema habari za mbwa. Alipiga goti kidogo, akainamisha kichwa.

"Karibu dada," alisema taratibu. "Shikamoo."

Heshima ile ilimchoma Remijia kuliko mbwa wote aliowahi kulishwa kwa maneno. Kwa hiyo sasa anaonewa huruma! Amepoteza mume, amepoteza kazi, na sasa amepoteza hata mtani. Kitu kikamsukuma kifuani, akaona bora kitoke kuliko kumpasua.

"Dada yako nani?" alisema. "Mla panya tangu lini akawa na adabu? Babu zako walikuja wakaiba ng'ombe wetu. Wewe ukaona ng'ombe hawatoshi, ukabeba na mume!"

Nyuma ya sikio lake punje ikapata joto, kama inavyofanya inapotia alama nyekundu. Vitalis alikuwa ametokeza mlangoni, akasimama kama mti. Tina aliacha kamba yake ya kuruka.

Kandida aliinua kichwa. Alimtazama Remijia machoni, kwa makini, apate kujua kama hili ni tusi au ni zawadi. Lilikuwa vyote viwili, na alivipokea vyote viwili.

"Ng'ombe wenu walikuwa wanono," alisema. "Lakini huyu mume, Mhehe, mlikuwa mnamlisha nini? Nimembeba usiku kucha nikijisifu, kumekucha natazama, kumbe nimeiba mifupa!"

Remijia alipaliwa. Alijaribu kukizuia, kikampasuka, kichwa kikarudi nyuma, pumzi ikakwama, akaivuta kwa kwikwi, kikaanza upya. Alijishika ukuta. Machozi yalimtoka, na mengine hayakuwa ya kicheko.

"Mama!" Tina alipiga kelele. "Umecheka kama siku ya babu!"

Remijia alijifuta macho kwa kiganja. "Wewe unaikumbuka siku ya babu?"

"Ndiyo. Nilikuwa nasubiri ucheke tena, ukawa huchekiii. Basi nikawa nacheka mimi hivyo hivyo, nisisahau."

Remijia alimtazama mtoto, kisha akamtazama Kandida, ambaye naye alikuwa akicheka. Alicheka bila sauti, mikono magotini, mabega yakitikisika, mdomo wazi, hakuna kilichotoka. Hakikufanana na cha Tina hata kidogo. Ijumaa zote zile, nyuma ya ukuta, Remijia alikuwa akijionea wivu mwenyewe.

Alipiga magoti vumbini akamkumbatia binti yake, akabaki hapo mpaka Tina alipolalamika kwamba anabanwa.

"Imewaka?" Kandida aliuliza, akigusa nyuma ya sikio lake mwenyewe.

"Imewaka. Wivu, tusi na mbele ya mtoto. Kwa vyovyote nimeshuka chini ya kizingiti."

"Basi Jumatatu naenda Gangilonga kusema. Safari hii mimi ndiye niliyetukanwa, si ndiyo? Lazima wanipokee."

Atakwenda kweli, Remijia alijua. Ataingia kwa yule Tarimo na kitenge chake, atavaa miwani yake amwigize, ataimba besi kama yeye, na yule mtu mkavu atacheka mpaka ashike meza. Atamtetea Remijia vizuri zaidi, kwa wepesi, bila hata kukosa usingizi, kuliko yeye alivyomtetea. Na kwa hilo pia Remijia alimwonea wivu, pale pale, mkono wa mtoto ukiwa mkononi mwake.

"Nenda mapema," alimwambia. "Na unawe huo unga. Sitaki watu waseme Mhehe kakosa wa kumtetea mpaka kaokotewa Mngoni jikoni."